Kizibo Chekundu

Kwa mara ya tano asubuhi hiyo, Bibi Wankyo alipitisha kizibo chekundu cha soda juu ya uso wa mjukuu wake. Kushoto. Kulia. Akangoja.

"Hafuati," alisema, akashusha pumzi.

Rhobi alizaliwa njiti, mimba ikiwa ya miezi saba, mtoto mwenyewe hajai viganja viwili. Mapafu yalikuwa machanga. Hospitalini walimtia dawa kifuani kwa mpira mwembamba, wakamweka kwenye oksijeni wiki tano. Nesi hakuwaficha: hewa hiyo inaokoa mapafu, lakini kwa watoto njiti inaweza kuharibu macho. Wasikose kliniki. Na akishakua kidogo, nyumbani wampime kwa kitu chekundu, waone kama anakifuata.

Sasa Rhobi ana miezi mitano. Boke, mama yake, akienda Mwisenge kuuza dagaa, Bibi hubaki naye Nyegina, yeye na kizibo chake.

"Mbona mimi ananiangaliaga, mama?" Boke alimwambia.

"Wewe ni mzazi. Unaona unachokitaka."

"Na wewe je? Jana umetia chumvi kwenye chai."

"Waulize wanaosaga chumvi laini kama sukari! Mimi nina kiwanda?"

Na kweli, mambo mengi yalikuwa yameharibika siku hizi. Sato walizidi miiba kuliko zamani. Mchele ulijaa mawe. Hata umeme, waliousubiri miaka yote hiyo, ulikuja ukawaka kama moshi. Bibi aliyavumilia yote. La mjukuu ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya kliniki walipanda bodaboda hadi Musoma mjini. Daktari wa macho alimtia Rhobi matone, akammulika jicho moja, akammulika la pili, bila haraka.

"Mshukuruni Mungu," alisema. "Macho yake ni mazima kabisa."

Bibi Wankyo alimaka.

"Daktari, mwanangu, usinifariji kwa uongo. Huyu ni mke mwenzangu, nashinda naye kutwa. Tazama!"

Akafungua pindo la kanga, akatoa kizibo, akakipitisha juu ya mtoto. Kushoto. Kulia.

"Umeona? Katulia kama jiwe!"

Nyuma yake alimsikia Boke akibana kicheko. Mzazi gani huyu, mtoto hafuati, yeye anacheka!

Daktari hakucheka. Alimtazama mtoto, kisha akamtazama Bibi, muda mrefu zaidi.

"Bibi, hebu niazime hicho kizibo. Kaa hapo kwenye kiti."

Akarudi nyuma hatua mbili, akakiinua. Kushoto. Kulia. Kushoto tena.

Bibi Wankyo alisubiri kwa adabu, mikono mapajani, shingo ameinyoosha. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Haya, daktari, kiinue basi. Au umekitia mfukoni?"