Ngozi ya Mgonjwa wa Arobaini na Moja

Seli zilizokufa hazifufuki. Hilo Daktari alilijua vizuri kuliko alivyolijua jina lake, ndiyo maana alizidi kuinamia hadubini.

Kabla hajasafiri, seli shina za mgonjwa wa arobaini na moja zilikuwa zimesinyaa na kubanduka kwenye jeli ya mwani walikoziotesha. Aliziona kwa macho yake. Sasa, wiki tatu baadaye, visahani vimejaa ngozi changa ukingo hadi ukingo.

"Hazikufa zote," alisema msaidizi wake, macho chini. "Nilizihamishia kwenye jeli mpya, zikaipenda."

Daktari alikuwa akitazama plasta iliyochungulia kwenye mkono wa koti la msaidizi. Binti huyu alikuwa hodari wa kazi, lakini tangu sampuli ile iletwe alikuwa hali wala halali, na aliyeshindwa anaweza kufanya lolote ili aonekane ameshinda. Akikata kipande cha ngozi yake mwenyewe, nani angejua? Maabarani wagonjwa huja kwa namba. Sura na majina hubaki wodini.

Mwili wa mgonjwa ungejua. Ngozi ya mtu baki ungeikataa, na mgongo ule ulioungua hadi nyama usingestahimili kubaki wazi mara ya pili. Angekufa.

Akaahirisha upasuaji, akaagiza seli zipimwe vinasaba sambamba na damu ya mgonjwa. Siku nne nzima alikuwa na hasira, na hofu iliyozidi hasira.

Majibu yakaja: seli ni za mgonjwa, bila shaka yoyote.

Daktari aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alimwita msaidizi wake akamwomba radhi, yeye ambaye neno hilo humtoka kwa nadra kama jino. Binti akaangua kilio, akatoka. Ngozi ikapandikizwa, ikashika.

Mwezi mmoja baadaye Daktari alikwenda wodini, jambo asilokuwa na desturi nalo, ili aione kazi yao. Mgonjwa alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umefunga vizuri. Daktari akajitambulisha.

Mgonjwa akageuza uso. Daktari akajikuta anatazamana na msaidizi wake: macho yaleyale, mwanya uleule.

"Shikamoo, Daktari," akasema. "Pacha wangu kaniambia ulimwomba radhi."