Mfupa wa Bibiharusi

Bibiharusi, ng'ombe aliyepandishwa mara nne bila kushika mimba, alikuwa ameshaingia nusu kwenye lori la mchinjaji.

"Sukuma, mama, tunachelewa!" mchinjaji alihimiza.

Mjane mwenye ng'ombe aliweka bega nyuma yake. Hapo akasikia kru, kru. Ng'ombe ameokota mfupa mkavu sakafuni mwa lori, anatafuna, macho kayafumba kama anayekula muwa.

"Kha! Anataka kuninyang'anya kazi huyu," mchinjaji alicheka.

Mjane hakucheka. Ng'ombe hali mfupa bure. Mwili ulikuwa unadai madini. Na chumvi ya madini aliwapa wanaokamuliwa tu. Huyu, kwa kuwa hatoi kitu, alimnyima miaka miwili; kumbe huenda ndiyo maana hakushika mimba.

"Mshushe, mwanangu."

Mchinjaji alinuna, akaondoka mikono mitupu. Bibiharusi alilamba chumvi msimu mzima, akapandishwa tena, akazaa ndama jike. Miaka mingi baadaye mjane alikufa kwa uzee. Lori la mchinjaji nalo liliuzwa.