Ujumbe wa Saa Moja Asubuhi

"Imelia tena," mama alisema kwenye simu, bila hata kungoja shikamoo.

Mastura hakuuliza ni nini kilicholia. Ilikuwa siku ya thelathini na nne tangu wamzike baba, Mzee Idarusi, na kila siku saa moja asubuhi simu ya marehemu, kule nyumbani Pangani, ilipokea ujumbe uleule: "Muda wa dawa umefika. Usikose dozi ya leo."

"Si uizime tu hiyo simu, mama?"

"Watu wa mbali bado wapiga kunipa pole. We si ndiye fundi wa mambo hayo? Niondolee, mwanangu. Nipumzike."

Sauti yake ilikatikakatika kama ya mtu aliyetoka kupanda kilima. Mama yake, Bi Zuleha, alikuwa kwenye eda, hatoki nje. Shangazi aliyekaa naye alisema miguu imemvimba, na kutoka chumbani mpaka uani tu anahema. Majonzi hayo, alisema shangazi. Walipendana mno wale. Mastura aliamini hivyo. Tena aliona aibu, maana programu iliyomtonesha mama kila asubuhi ilitoka ofisini kwake mwenyewe, hapa Tanga mjini. Yeye ni mmoja wa walioitengeneza, iwakumbushe wagonjwa dawa zao.

Kilichomuuma zaidi ni siri ya baba. Hakuna aliyejua kuwa mzee yule anaumwa. Alianguka sokoni akichagua samaki, basi, hakuamka. Siku ya tatu, baada ya hitima, Mastura alikuta kabatini mfuko umejaa dawa za vidonge.

"Za baba yako hizo," mama alisema, uso ameugeuzia ukutani. "Katupe."

Akazitupa chooni kwa mkono wake, pakiti baada ya pakiti, huku akimkasirikia marehemu na kuomba toba papo hapo.

Sasa alimpigia Beatrisi, karani wa zahanati ya Pangani inayotumia programu ile, ili amwandike baba kuwa ameshafariki.

"Jina hilo sinalo humu, dada."

"Hebu angalia vizuri."

"Nimeangalia mara tatu. Hayumo."

Basi kosa liko kwenye programu, Mastura alijiambia. Makosa ya namna hiyo aliyajua. Programu ile ilijengwa kwa vipande mia kadhaa vya maagizo ya kompyuta, kila kimoja kikingoja kuitwa na kingine ndipo kifanye kazi yake, na pengine kipande cha zamani kilichosahauliwa huendelea kuita wenzake kama vile hakuna kilichotokea. Mafaili ya wagonjwa hakuruhusiwa kuyafungua. Aliwasha msaidizi wake wa akili mnemba, akampa kifaa cha kufuatilia kipande kipi kimeita kipi, akampa na namba ya baba.

"Ujumbe huu unatoka wapi?" aliandika. "Anzia mwisho, rudi nyuma mpaka umfikie aliyeanza kuita."

Msaidizi akaanza kurudi nyuma. Kipande kinachotuma ujumbe kiliitwa na kipande cha ratiba. Cha ratiba kiliitwa na kipande cha dozi za asubuhi. Cha dozi nacho kiliitwa na kingine, na kingine. Kila kimoja kilikuwa kizima, na Mastura akaishiwa subira. Mama anateseka, yeye amekaa anahesabu vipande! Akaiingiza namba ya baba kwenye orodha ya namba zisizotumiwa ujumbe, akapiga simu Pangani.

"Nimeshaiondoa, mama. Kesho haitalia."

"Mungu akuweke, mwanangu," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba sauti yake ilikuwa na furaha. "Sasa hakuna tena wa kunihimiza."

Mastura alifuta machozi. Walau hilo ameliweza. Alipogeukia kompyuta, akakuta msaidizi amemaliza.

"Sikuona kosa. Aliyeanza kuita ni kipande cha wasimamizi. Hicho hutumika mgonjwa anapotaka ujumbe wake upelekwe kwa mtu atakayehakikisha anakunywa dawa. Namba uliyonipa ni ya msimamizi. Jina la mgonjwa limefichwa. Yasiyofichwa ni haya."

Chini yake palikuwa na mistari miwili. Mastura akaisoma, simu ingali mkononi.

*Mgonjwa: mke wa msimamizi, wanaishi nyumba moja.*

*Dawa: ya moyo, kila siku. Isikatishwe.*