Sensa Kubwa

"Takataka," nilisema, nikimwonyesha Fides picha ya harusi yake iliyopigwa na yule jamaa anayejiita mpigapicha hapa Tunduma. "Kamera kanunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, imejaa megapikseli, sensa kama punje ya mchele! Penye giza ni uji mtupu. Yangu ina sensa kubwa."

"Sensa? Si walishatuhesabu?"

Ushamba huo! Mimi nasema sensa ya kamera, ile inayonasa mwanga. Nikafungua picha yangu kwenye kompyuta, pozi lilelile, nikakuza giza la nyuma ya shela. Kila uzi ulionekana. Mkono wa bwana harusi nao ulionekana, umeshika mkono wa matroni wa Fides, vidole ndani ya vidole.

Fides hakupepesa macho.

"Nisafishie ile takataka," alisema. "Iwe kubwa, ya kutundika sebuleni."