Shokapu za Mtu Mwembamba

Hukuona, sivyo? Ulipita mbele ya karakana ya Mama Grisi ukamkuta amepiga magoti nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu, kikombe cha chai kimejaa hadi ukingoni juu ya kiti cha abiria, naye anakikodolea macho kama anasoma barua ya mpenzi. Ukatoa simu mfukoni. Ghafla ukakumbuka una haraka. Umezoea. Hata mashimo ya mtaa huu unayapita hivyo hivyo, ukiangalia pembeni, kama vile ukiyatazama yatakuita kwa jina.

Barabara yenyewe ni nzuri mno. Mwenyekiti wa mtaa ameshaitengeneza mara mbili, zote mbili kwenye hotuba. Mara ya kwanza watu walipiga makofi. Mara ya pili pia walipiga, maana mikono ilishazoea. Shimo lililo mbele ya karakana wakaliita Ahadi. Linalofuata wakaliita Ahadi Ndogo, ingawa ndilo kubwa.

Sasa, kwenye kona ya jirani, lilikuwa limeletwa greda. Greda la kweli, la chuma, la kusawazisha barabara. Makao makuu yalikuwa yamelituma, na dereva wake alikuwa anakoroma kivulini akimsubiri mkaguzi aipite barabara na kusema neno moja: fanya kazi, au ondoka.

Hakuna aliyelingoja neno hilo kama Mama Grisi. Katika chumba cha nyuma ya karakana binti yake alikuwa amelala ubavu, mimba imefika mwisho, na nesi alishampangia Alhamisi, akamwonya: asitikiswe. Hospitali iko ng'ambo ya Ahadi zote.

Basi Mwenyekiti alipoleta pikipiki yake, kitambi kikitangulia na mwenyewe akikifuata, Mama Grisi alimpokea kwa nusu ya salamu.

"Mama, nataka hapa nyuma pawe laini. Laini ya godoro."

"Si ulikuwa unabebea saruji, Mwenyekiti? Springi hizi ni za saruji. Mtu akikaa hazina habari naye, zinamrusha tu."

"Ndiyo uzibadilishe."

"Kwa uzito wako?" Alimtazama juu hadi chini, safari ndefu kidogo. "Itabidi niweke nene. Usikasirike."

Mwenyekiti alicheka, akanyamaza, kitambi kikaendelea. "Si mimi, bwana! Mimi naendesha. Abiria ni mwembamba. Na hatakiwi kutikisika hata kidogo. Alhamisi asubuhi, mama. Tafadhali."

Tafadhali! Neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu siku alipoomba kura. Mama Grisi aligeuka kuutazama mlango wa chumba cha nyuma. Mwembamba. Asitikiswe. Kumbe huyu mtu ana moyo, ulikuwa umefunikwa na mafuta tu.

"Mungu akuzidishie, Mwenyekiti."

"Aah, si tunasaidiana," alijibu, macho yake kwenye kona, kwenye greda.

Mama Grisi alifanya kazi kama anayejijengea nyumba. Alitupa zile shokapu ngumu zilizovuja mafuta, akafunga jozi ndefu yenye springi laini, aliyoitoa kwenye pikipiki kubwa ya safari iliyokufa injini. Akabadili bushi zote, zile pete za mpira za kwenye maungio. Kisha akafanya kile ambacho fundi mwenye pupa hakifanyi: akampandisha binti yake kitini, taratibu, aone springi zinashuka kiasi gani chini ya uzito wake. Binti mwenyewe, hata na mimba ile, alikuwa mwepesi.

"Mama, unanipima kama gunia la viazi."

"Nyamaza, gunia. Ukicheka unaniharibia kipimo."

Alilegeza pete za springi, akakaza, akalegeza tena. Akamshusha binti, akaweka gunia la mchanga la uzito uleule, na kikombe cha chai juu yake. Akaendesha mwenyewe: akaingia Ahadi, akatoka, akaingia Ahadi Ndogo, akatoka. Akarudi, akakihamishia kikombe kitini, akapiga magoti kukichunguza. Hapo ndipo ulipopita.

Jioni Mwenyekiti alikuja kuonyeshwa.

"Hata tone halikumwagika?"

"Hata tone."

"Kwa hiyo aliyekaa nyuma hajui kama kuna shimo?"

"Labda achungulie."

"Hatachungulia," alisema Mwenyekiti. "Namjua."

Mama Grisi alicheka sana. Ni kweli, binti yake kwa uchungu atakuwa amefumba macho. Akaisukuma pikipiki hadi barabarani kwa mikono yake, na kabla ya kumkabidhi akakipangusa kiti kwa upindo wa gauni lake.

Alhamisi uchungu ulianza alfajiri. Kulipokucha binti alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umemng'ang'ania mama yake.

"Atakuja kweli?"

"Ameniambia tafadhali, mwanangu. Atakuja."

Akaja. Pikipiki ilitokea upande wa lami, imeoshwa hadi tairi, Mwenyekiti mbele amevaa suti. Mama Grisi akainua mkono. Mwenyekiti naye akamwinulia wake, kwa bashasha, kama mtu anayemsalimia mpiga kura. Akaingia Ahadi, akatoka, akaendelea na safari hadi kwenye kona.

Kwenye kiti cha nyuma alikuwa bwana mwembamba mwenye tai, kitambulisho cha makao makuu kifuani, kikombe cha chai mkono mmoja, simu mkono wa pili, na macho yote kwenye simu. "Barabara kama meza," alimwambia dereva wa greda. "Peleka mtambo mtaa mwingine."

Greda linageuza sasa hivi. Wewe, weka simu mfukoni, kimbia ukasimame mbele yake.