Kidole Kikavu

Fundi alipitisha ukucha ukingoni mwa plastiki angavu inayolinda rangi ya boneti. Haikuwa imegeuka njano wala kubanduka popote.

"Plastiki safi hii, mama. Aliyebandika anaijua kazi."

"Anaijua?" mama mwenye gari akadakia. "Hebu tazama hapo kwenye pembe. Hili ni gari au kitambulisho?"

Fundi akatazama. Chini ya plastiki, ndani ya gundi, palikuwa na alama ya kidole gumba, iliyokatwa katikati na kovu.

Kovu lile alilijua.

"Lowesha kidole kwanza! Kikavu kinaacha alama kwenye gundi!" Ndivyo alivyokuwa akimfokea mdogo wake kila siku, mpaka siku alipomfukuza kazini mbele za wateja. Hakumwona tena mpaka alipokwenda kumzika.

"Ibandue, uniwekee mpya," mama akasema.

Akaipasha moto, akaivuta taratibu. Alama ikavutika pamoja na plastiki, ikarefuka, ikapotea.

Akatandaza plastiki mpya, kazi safi kama kawaida yake. Alipofika kwenye pembe ileile akasita, akafuta gumba lake kwenye suruali mpaka likakauka kabisa, kisha akaligandamiza kwenye gundi.