Pua ya Mama

Tangu kila nyumba iwekewe taa ya ukaguzi, mwanasesere yeyote aliyefanana na wahusika wa kampuni ya katuni alichukuliwa. Riziki alikuwa amelilia sungura wake wa kitambaa aliyechukuliwa wiki nzima, kwa hiyo mama yake, Mwanakombo, akamshonea mwanasesere wa sura asiyoimiliki mtu.

“Pua yake kama yako, mama. Kubwa!”

“Cheka tu. Huyu watakuachia.”

Jioni taa ikammulika mwanasesere.

“Sura hii ni mpya,” ikasema kwa upole. “Kuanzia leo ni mali ya kampuni. Mtoto abaki naye.”

Riziki akamkumbatia mwanasesere wake. Kisha taa ikageuka taratibu kumwelekea Mwanakombo. Mtoto akampandia mama yake mapajani, akavuta kanga, akamfunika uso.